Pikapu nzito ya kuvuta tela Marekani: hesabu za kufanya kabla ya kwenda kwa muuzaji

Mleta uzi:

Wakuu, heshima kwenu. Katika makundi yetu ya Waswahili tunaoishi Marekani, swali la pikapu limekuwa likirudi kwa sura ileile. Mtu amechoka na kazi ya ghala au na kubeba abiria wa programu za simu, amemwona mwenzake akivuta tela lenye magari ya mnada, naye anauliza anunue Ford, Ram au Chevrolet. Majibu anayopewa ni ya ushabiki wa Simba na Yanga: huyu anasifia Cummins, dizeli ya Ram, yule anaapa kwa Power Stroke, dizeli ya Ford, na muulizaji anaondoka akijua nguvu za farasi za kila injini, lakini hajui kama gari atakalonunua litauhimili mzigo anaotaka kuuvuta.

Mimi navuta tela kwa pikapu hapa Texas, kazi ambayo Wamarekani huiita hotshot, na msimamo wangu ni kwamba pikapu nzito za leo karibu zote zina injini ya kutosha. Kinachokwisha kwanza ni uwezo wa springi, ekseli na tairi za nyuma kubeba ule uzito ambao tela linauegemeza juu ya gari. Kwa hiyo anza na tela, pima uzito wa pua yake, yaani ule unaoliegemea gari, kisha urudi nyuma hadi kwenye pikapu. Anayeanza na pikapu huishia kutafuta tela dogo la kuifaa, au kuvunja sheria.

Tuelewane kwanza juu ya majina. Pikapu nzito ni F-250 na F-350 za Ford, Ram 2500 na 3500, na zile za General Motors zenye namba hizohizo, Silverado HD na Sierra HD. Watu wa zamani huziita za robo tatu tani na za tani moja, majina ambayo yamebaki ingawa uwezo umekwishayapita mbali. F-150 na wenzake wa 1500 hawamo katika uzi huu, japokuwa nitawataja tena huko mbele kwa wema.

Sasa nenda kwenye gari lolote unalolitamani, fungua mlango wa dereva, utazame nguzo ya mlango. Utakuta vibandiko viwili. Kimoja kinaonyesha GVWR, yaani uzito wa juu kabisa ambao gari hilo lenyewe linaruhusiwa kuwa nao likiwa na watu, mafuta, mzigo na pua ya tela, pamoja na GAWR, yaani uzito wa juu ambao kila ekseli inaruhusiwa kubeba. Kingine, chenye alama ya njano na picha ya tairi, kinataja uzito wa watu na mizigo ambao haupaswi kuzidi. Namba hiyo ya pili ndiyo uwezo halisi wa kubeba wa gari lile lile lililo mbele yako, likiwa na viti vyake vya ngozi, dirisha lake la juu na ngazi zake za pembeni, kwa sababu kila pambo la kiwandani limekwisha kukatwa humo. Pikapu mbili za modeli moja na mwaka mmoja, zilizoegeshwa bega kwa bega, zinaweza kutofautiana kwa mamia ya paundi. Kibandiko hicho cha pili ni lazima kwa magari ambayo GVWR yake haizidi paundi 10,000, yaani kilo 4,536. Kwa yaliyo juu ya hapo, kama hukioni, chukua GVWR utoe uzito wa gari kwenye mizani likiwa na tangi limejaa.

Hiyo namba ya 10,000 ina hadithi yake, na wauzaji wengi hawaisemi. Kwa miaka mingi Ford na Ram wamekuwa wakiziwekea F-250 na 2500 nyingi GVWR ya paundi 10,000 kamili, ili zibaki katika daraja la chini la magari ya kazi na kumwepusha mnunuzi na gharama na masharti yanayoanza paundi moja mbele yake. Matokeo yake ni kwamba ukichagua injini ya dizeli, ambayo ni nzito kuliko ya petroli kwa mamia ya paundi, uzito huo wote unakatwa kwenye mzigo wako, kwa kuwa kikomo cha juu hakisogei. Unalipa zaidi, unapata nguvu zaidi ya kuvuta, na unapungukiwa na uwezo wa kubeba.

Tufanye hesabu ya mfano. Pikapu ya robo tatu tani, dizeli, milango minne, inayoendesha magurudumu yote, ina GVWR ya paundi 10,000 na uzito wake mtupu ni 7,600. Imebaki 2,400. Dereva na mwenzake, minyororo, kamba za kufungia, sanduku la vifaa na kile chuma cha kuunganishia tela ni kama paundi 680. Imebaki 1,720. Sasa lete tela lenye GVWR ya paundi 14,000, kama kilo 6,350, ambalo ndilo tela la kawaida la mtu anayeanza biashara hii. Likiwa tela la kufunga nyuma ya bampa, uzito wa pua unaotakiwa ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela, yaani 1,400 hadi 2,100 likijaa. Unaweza kupita kwa shida, au usipite. Likiwa tela la shingo, lile linalofungwa katikati ya bodi juu ya ekseli ya nyuma, pua inabeba asilimia 20 hadi 25, na asilimia 20 tu ni paundi 2,800. Umezidisha kwa zaidi ya paundi 1,000, ilhali tangazo la gari hilohilo linasema lina uwezo wa kuvuta zaidi ya paundi 18,000.

Tangazo halikudanganya. Namba za kuvuta siku hizi hupatikana kwa kipimo kinachoitwa SAE J2807, na kipimo hicho ni kikali: gari linapandishwa kilima cha Davis Dam huko Arizona kwa maili 11.4, katika joto, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, na lenye tairi moja moja nyuma haliruhusiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Lakini ndani yake wamehesabiwa watu wawili tu, kila mmoja wa paundi 150, na gari halina mapambo mengi. Wewe na shemeji yako mkiingia na sanduku la vifaa, mmekwisha kutoka nje ya kipimo kabla hamjawasha gari.

Hapo ndipo ninaposema wazi: anayetaka kuvuta tela la paundi 14,000 kwa ajili ya riziki asinunue robo tatu tani ya dizeli. Anunue tani moja yenye tairi moja moja nyuma. Chukua mfano wa F-350 au 3500 yenye GVWR ya 11,500 na uzito mtupu wa 7,700: inabaki 3,800, na mzigo wetu wa pua na watu ulikuwa 3,480. Kwa sura ni gari lilelile, linaegeshwa mahali palepale, na tofauti ya bei kati ya hizo mbili kwa kawaida ni ndogo kuliko bei ya seti ya tairi na rimu za urembo. Kwa Ram kuna tofauti nyingine ya kuitazama ukiinama chini ya gari: tangu 2014 modeli ya 2500 ina springi za koili nyuma, zenye starehe barabarani, na 3500 ina springi za majani, ambazo ndizo za kazi.

Zenye tairi pacha nyuma ni wanyama wengine. GVWR yao huweza kufika paundi 14,000, zinatulia vizuri sana upepo unapopiga tela ubavuni, na kwa tela zito la shingo hakuna mjadala. Ila ni pana, zinasumbua kwenye maegesho, zina tairi sita za kubadilisha, na zinakuingiza katika hesabu ya leseni, ambayo ni hii: ukijumlisha GVWR ya gari na ya tela ukapata paundi 26,001 au zaidi, na tela lenyewe likazidi 10,000, unahitaji leseni ya biashara ya daraja A. Sheria inatazama namba za vibandiko au uzito wa mizani, ile iliyo kubwa, kwa hiyo kusema tela lilikuwa tupu hakukusaidii. Pikapu ya 14,000 na tela la 14,000 ni 28,000: leseni ya daraja A. Pikapu ya 11,500 na tela hilohilo ni 25,500: leseni ya kawaida inatosha. Lakini kwa vyovyote, ukifanya biashara kati ya jimbo na jimbo na jumla ikapita 10,000, unatakiwa kuwa na namba ya USDOT, yaani ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, na cheti cha afya cha dereva, na ukibeba mizigo ya watu kwa malipo bima ya dhima haipungui dola 750,000. Wengi wanaoanza huanguka kwenye malipo ya bima hiyo, injini ikiwa nzima kabisa.

Injini sasa. Dizeli za leo zina toku, yaani nguvu ya kuzungusha, ya kutisha: Power Stroke ya lita 6.7 yenye nguvu ya juu inatoa paundi-futi 1,200, sawa na Newton mita 1,627. Duramax ya lita 6.6 ya General Motors inatoa 975. Cummins ya lita 6.7, ambayo ni mitungi sita kwa mstari na jina lake liko kwenye pikapu za Ram tangu modeli ya 1989, inatoa 1,075 katika toleo lake la nguvu zaidi. Upande wa petroli, Ford walileta V8 ya lita 7.3 katika modeli ya 2020, yenye paundi-futi 485 hivi sasa, na General Motors wana lita 6.6 yenye 464. Kwa namba hizo petroli inaonekana mtoto. Hata hivyo dizeli inaongeza karibu dola 10,000 kwenye bei, inataka umajimaji wa urea wa kusafisha moshi, ina kichujio cha masizi kinachohitaji safari ndefu ili kijisafishe, na mafundi wake hutoza ghali. Mtu anayevuta mara chache kwa wiki, ndani ya maili mia moja za tambarare ya Texas, Oklahoma au Kansas, anaokoa fedha na petroli, ingawa itakunywa: ukiwa na mzigo utaona maili 8 hadi 10 kwa galoni, wakati dizeli itakupa labda 11 au 12.

Dizeli inastahili bei yake mahali pawili. Pa kwanza ni mwinuko. Injini isiyo na tabo (kile kisukuma hewa cha injini), kama hizo za petroli, hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda, na handaki la Eisenhower katika barabara ya I-70, Colorado, liko juu ya futi 11,000. Petroli yako itafika pale ikiwa imepungukiwa na karibu theluthi ya nguvu zake, ikinguruma kwenye gia ya chini huku malori yakikupita.

Pa pili, na kwangu mimi hapa ndipo penye uzito zaidi, ni kushuka. Aliyewahi kushuka Kitonga nyuma ya lori linalonuka breki hahitaji kuelezwa. Miteremko ya I-70 inafika asilimia 7, na ile ya Monteagle katika I-24, Tennessee, ina njia za kuokolea malori yaliyoshindwa kusimama. Dizeli ina breki ya ekzosi: tabo inabana hewa inayotoka, mitungi inageuka kuwa breki, na gari linashikilia maili 45 kwa saa bila wewe kugusa pedali. Petroli inategemea gia tu. Inaweza, ukiiweka katika hali ya kuvuta na ukashuka gia mapema kabla ya mteremko kuanza, ila haikupi nafasi ya uzembe.

Breki za tela zenyewe zisisahauliwe. Pikapu nyingi nzito zina kidhibiti cha kiwandani kwenye dashibodi chenye vitufe vya kuongeza na kupunguza na kiwiko cha kubana kwa vidole. Kila unapofunga tela lenye uzito mpya, tafuta eneo tupu, endesha kama maili 25 kwa saa, kisha ubane kile kiwiko peke yake, mguu ukiwa mbali na breki. Tela linapaswa kulivuta gari nyuma kwa uthabiti. Tairi zake zikifunga na kuburuza, punguza; gari likiendelea kuteleza mbele kana kwamba hakuna kilichotokea, ongeza. Zoezi hilo halichukui hata dakika tano, na sijui kwa nini watu hulikwepa.

Meno ya difu, yaani uwiano wa gia za ekseli, nayapitia kwa haraka: 3.73 ni ya kati na inawafaa wengi, 4.10 au 4.30 ni kwa anayevuta kila siku, hasa kwa petroli. Urefu wa bodi una maana kwa tela la shingo tu. Bodi ya futi 8 inakupa nafasi ya kukata kona kali bila kona ya tela kuja kuvunja kioo cha nyuma cha kichwa.

Karibuni kwa maswali na hoja.

Mchangiaji, Columbus, Ohio:

Mkuu, shukrani kwa uzi huu. Nakubaliana na hesabu, ila unaongea kama mtu mwenye fedha ya gari jipya. Wengi wetu tuna dola 30,000 au pungufu, na kwa fedha hiyo tunatazama magari ya zamani yenye maili nyingi. Tunachagueje?

Mleta uzi:

Ndugu wa Ohio, hesabu ya kibandiko haibadiliki kwa umri wa gari, na katika magari ya zamani uwezo wa kubeba unaweza kuwa mdogo zaidi kuliko unavyodhani. Kwa bajeti yako ningependelea petroli ya tani moja iliyotunzwa kuliko dizeli iliyochoka, kwa sababu seti moja ya nozeli za dizeli pamoja na pampu ya shinikizo la juu inaweza kumeza mtaji wako wote.

Ukiamua dizeli, soma historia ya modeli kabla ya kutazama rangi. Power Stroke ya lita 6.0 ya miaka ya 2003 hadi 2007 inajulikana kwa gasketi za kichwa na kipoozeo cha gesi za ekzosi. Ram za 2019 na 2020 zenye Cummins zilirudishwa kiwandani kwa sababu ya pampu ya mafuta, ikabadilishwa kwa ile ya aina ya zamani. Uliza karatasi ya kuthibitisha kwamba kazi hiyo ilifanyika. Na dizeli yoyote iliyong'olewa kichujio na mfumo wa urea iache hapohapo, hata kama muuzaji anaisifia kwamba sasa ina nguvu zaidi. Sheria ya Hewa Safi inakataza jambo hilo, na wewe ndiye utakayebaki na gari lisiloweza kupita ukaguzi katika majimbo yanayopima moshi.

Kwa kuwa uko huko kwenye chumvi ya barabarani, jambo la kwanza ni kulala chini ya gari na tochi na nyundo ndogo. Gonga chesisi kuanzia nyuma ya kichwa hadi kwenye bampa, hasa pale springi zinaposhikilia na pale chuma cha kuvutia kilipofungwa kwa bolti. Chuma kizima hutoa mlio mkavu. Kilicholiwa hutoa mlio mzito na magamba yanakudondokea usoni. Tazama pia mabomba ya breki. Watu wengi husafiri hadi majimbo ya kusini kununua gari kwa sababu hiyo peke yake, na nauli inarudi.

Mchangiaji, Dallas:

Mimi tayari ninayo F-250 ya dizeli na tela la shingo la 14,000, kwa hiyo uzi huu umenikuta nimekwisha kula. Fundi ameniambia niweke mifuko ya hewa juu ya springi za nyuma, na gari halitainama tena. Je, hiyo si inatosha?

Mleta uzi:

Mifuko ya hewa itainua nyuma ya gari, taa zako zitaacha kumulika juu ya miti, na starehe itaongezeka. Uwezo hautaongezeka hata paundi moja. Ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, rimu na tairi ni zilezile, na kibandiko cha mlangoni hakisomi mifuko. Nina wasiwasi nayo kwa sababu moja zaidi: gari linapoinama linakupa onyo, na mifuko inaliondoa onyo hilo.

Kabla ya kutumia fedha, nenda kwenye mizani ya CAT katika kituo chochote kikubwa cha malori. Pima gari peke yake ukiwa ndani, tangi limejaa na vifaa vyote. Kisha pima gari na tela lenye mzigo wako wa kawaida, ekseli za mbele, za nyuma na za tela kila moja juu ya bamba lake. Tuletee karatasi hizo hapa tuzisome pamoja.

Mchangiaji, Lubumbashi:

Salamu kutoka Katanga. Huku kwetu tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo usukani wa gari la Marekani si tatizo. Ninataka kuagiza F-350 ya dizeli kwa ajili ya kuvuta jenereta na kompresa kwenda kwenye maeneo ya migodi. Unashauri nini?

Mleta uzi:

Usukani kweli si tatizo kwenu, tofauti na Kenya ambako gari la usukani wa kushoto halisajiliwi kwa matumizi ya kawaida. Tatizo lenu litakuwa mafuta. Dizeli za barabarani za Marekani tangu modeli ya 2007 zimeundwa kwa mafuta yenye sulfuri isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, wakati kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2015 ni 50, na mafuta ya kwenye mapipa njiani kuelekea mgodini hayana cheti. Kichujio cha masizi kitaziba, mfumo wa urea utaanza kulalamika, na gari litajipunguzia nguvu lenyewe likiwa mbali na fundi mwenye kompyuta ya kulisoma.

Kwa kazi hiyo mimi ningenunua Land Cruiser ya mfululizo wa 79 yenye injini ya 1HZ. Lita 4.2, mitungi sita, haina tabo, haina urea, na toku yake ni Newton mita 285 tu. Itapanda taratibu, na kwa jenereta zito sana haitatosha, hapo utahitaji lori dogo la Isuzu au Mitsubishi Fuso. Lakini vipuri vyake vipo kila mji na kila fundi anaufahamu moyo wake. F-350 ya petroli ya lita 7.3 ni wazo la pili, kama unaweza kumudu kiu yake na kuagiza vipuri wewe mwenyewe.

Mchangiaji, Minneapolis:

Kaka, mimi nina tela la kuuzia chakula linalotengenezwa, litakuwa na uzito wa paundi 7,000 likiwa na vifaa vyote. Muuzaji wa magari ananisukumia 2500 ya dizeli. Nitakuwa nalivuta kutoka nyumbani hadi kwenye masoko ya wikendi, si zaidi ya maili ishirini.

Mleta uzi:

Dada, mwambie muuzaji ahsante na uondoke. Safari fupi za baridi za Minnesota ndizo zinazoua vichujio vya dizeli, na urea huganda nyuzi 11 chini ya sifuri. Kwa paundi 7,000, pua ya asilimia 13 ni kama 910. Pikapu ya 1500 au F-150 yenye kifurushi cha kuvutia na kibandiko cha paundi 1,700 au zaidi inakutosha, pamoja na kile kifaa cha kugawa uzito ili ekseli ya mbele isiwe nyepesi. Kama unataka nafasi ya kukua, basi 2500 ya petroli, bila mapambo.

Ila ongea na mtengenezaji wa tela sasa, kabla hajachomelea. Matangi ya maji safi na maji machafu yakiwekwa nyuma ya ekseli, na jenereta ikaning'inizwa kwenye bampa ya nyuma, pua inakuwa nyepesi na tela litaanza kutikisika kushoto na kulia ukifika maili 50 kwa saa. Unapoanza kulisikia hilo kwenye usukani, usikanyage breki ya gari. Bana kiwiko cha breki za tela peke yake na uachie mafuta. Lakini dawa yake iko kwenye mpangilio: jenereta mbele kwenye pua, matangi juu ya ekseli, friji nzito karibu na katikati. Mwambie akupimie pua tela likiwa na matangi matupu na likiwa na matangi yaliyojaa, na akuandikie namba zote mbili.

Mchangiaji, Dallas:

Nimerudi kutoka mizani. Gari peke yake nikiwa ndani: mbele 4,700, nyuma 3,280, jumla 7,980. Pamoja na tela: mbele 4,760, nyuma 5,900, ekseli za tela 10,340. Kibandiko cha mlangoni: GVWR 10,000, GAWR ya nyuma 6,340. Nisomee, mkuu.

Mleta uzi:

Umefanya vizuri kuleta namba kamili. Gari likiwa na tela limekuwa 4,760 na 5,900, jumla 10,660. Ukitoa 7,980 unapata 2,680: huo ndio uzito wa pua yako. Tela lote basi ni 10,340 na 2,680, yaani 13,020, na pua ni asilimia 20.6, ambayo ni sahihi kwa tela la shingo. Umepanga mzigo vizuri.

Ekseli yako ya nyuma iko chini ya kikomo kwa paundi 440, na kama tairi zako ni zile za kiwandani za daraja la E la uwezo wa kubeba, zikiwa zimejazwa upepo kama inavyotakiwa, nazo zinatosha. Kilichozidi ni GVWR, kwa paundi 660. Fundi atakwambia gari linabeba bila shida, na kwa upande wa chuma hajakosea sana. Lakini siku ya ajali, wakili wa upande wa pili atashika karatasi kama hiyo uliyonayo mkononi na kibandiko cha mlangoni, na kampuni ya bima itasoma vyote viwili.

Usisogeze mzigo nyuma ili kupunguza pua. Ukiishusha hadi 2,020 utakuwa na asilimia 15 na ushee, na tela la shingo lenye pua nyepesi kiasi hicho halitulii barabarani. Njia iliyobaki ni kupunguza mzigo wenyewe: kwa uwiano wako wa sasa, kuondoa paundi 660 puani kunahitaji kuondoa kama 3,200 kwenye tela, ili lisizidi 9,800. Piga hesabu uone kama mikataba yako inalipa kwa uzito huo. Ikilipa, baki na gari lako mpaka umalize deni. Isipolipa, libadilishe kwa tani moja ya tairi moja moja yenye GVWR isiyozidi 12,000, ili ukijumlisha na tela la 14,000 ubaki kwenye 26,000 na usihitaji leseni ya daraja A, na fedha za mifuko ya hewa uzitie kwenye malipo ya kwanza.